Waya Chini ya Mlingoti

Kila alasiri, akishamaliza kuosha vyombo, Honi alikwenda kukaa juu ya rundo la mataruma makuukuu, yale magogo ya kulazia reli, kando ya njia ya treni. Hilo la Honi lilikuwa jina la utani. Alipokuwa mchanga alilia kwa sauti kubwa mno, hata baba yake, dereva wa treni ya mizigo, akasema, "Huyu si mtoto, huyu ni honi." Jina likamganda.

Hapo palikuwa na mlingoti wa chuma wenye mkono mwekundu uliopigwa mstari mweupe. Ulikuwa mtambo wa zamani. Kwingineko zilikuwa zimeshawekwa taa za umeme, lakini hapa mkono ulikuwa bado kazini. Ukinyooka, treni husimama. Ukiinama, treni hupita. Waya mrefu ulitoka kwenye mlingoti, ukapita juu ya vigurudumu vidogo kando ya reli mpaka kwenye kibanda cha ishara. Humo alikaa mjomba wake, ndugu wa mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuuvuta waya kwa wenzo mzito wa chuma. Honi aliusikia waya ukinong'ona kabla mkono haujainama, na hakuna sauti aliyoipenda kama hiyo.

"Mjomba akivuta, baba anapita," alizoea kujisifu.

"Mjomba, baba, mjomba, baba," alisema siku moja rafiki yake waliyemwita Kidomo. "Na wewe je? Kazi yako kukodoa macho tu."

"Hata mimi naweza kuushusha mkono."

"Ushushe basi tuone."

Mjomba alikuwa amemwonya kwamba waya ule usiguswe hata na kuku. Lakini Honi aliwahi kuukanyaga kwa bahati mbaya, akauona mkono ukitikisika kule juu. Siri hiyo ilikuwa ikimwasha.

Treni ya baba ilipiga honi kwa mbali. Mkono ulikuwa umenyooka, na treni ilikuwa imeanza kupunguza mwendo. Honi alishika bega la Kidomo, akapanda juu ya waya kwa miguu yote miwili, akajikaza kwa uzito wake wote. Mkono ukainama.

Treni ikaongeza mwendo. Baba alitoa kichwa dirishani, akamwona bintiye, miguu yake imefichwa na majani marefu, akampungia kofia. Honi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Behewa la mwisho lilipopita akashuka, na mkono ukanyooka tena, kana kwamba hapakutokea kitu.

Kisha zikasikika breki, mlio mkali uliokwaruza meno, na baada yake kishindo.

Nyuma ya maghala, mahali ambapo reli inapinda, mafundi walikuwa wakibadilisha taruma bovu. Kiberenge chao kilikuwa juu ya reli, kimesheheni vyuma. Hawakuwa na wasiwasi, kwa maana mjomba alikuwa amewaahidi kwamba mkono hautashuka mpaka wamalize. Treni ilipotokea, wote waliruka isipokuwa mmoja, fundi waliyemwita Nyundo, aliyekuwa ameinama akikaza msumari. Kiberenge kilirushwa kikamwangukia. Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

"Sisi hatukuwepo," Kidomo alisema palepale mlingotini, akimvuta Honi mkono waondoke. "Ukisema, na mimi nimo."

Jioni ile mjomba alikuja nyumbani. Mama alimwekea chai, hakuigusa.

"Shemeji," baba alisema, "mkono ulikuwa chini."

"Shemeji, wenzo sikuugusa. Mkuu wa stesheni alikuwa amesimama ubavuni kwangu."

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

Baba akamgeukia Honi. "Mwanangu, ulikuwa palepale. Uliuona mkono?"

Honi alitazama sakafu. "Sikuangalia, baba."

Mjomba alichukua kofia yake akatoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mlangoni pao, na mama akabaki katikati, mume wake upande huu na ndugu yake upande ule. Baba alisimamishwa kazi. Watu wa stesheni walisema waziwazi kwamba alipita ishara ya hatari, na kwamba akitoka mikononi mwa mkaguzi wa reli anayechunguza ajali ataingia mikononi mwa polisi. Mdogo wake Honi alimtania, "Honi imeharibika siku hizi, hailii."

Hata hivyo Honi aliendelea kunyamaza. Alijiambia kwamba mguu hauwezi kurudi, aseme asiseme.

Jioni moja alimkuta baba amesimama sebuleni mbele ya kalenda ya ukutani. Alikuwa ameziba jicho moja kwa kiganja, akijaribu kusoma tarehe. Akabadilisha, akaziba la pili. Akarudi nyuma hatua chache, akajaribu tena.

"Mama Honi," aliita kwa sauti ya chini, "nadhani macho ndiyo yameniponza. Kesho nitamwambia mkaguzi sikuona sawasawa. Nimemtukana ndugu yako bure."

"Wewe si ulisema una hakika?"

"Nilikuwa na hakika. Sasa sijui tena nilichokiona."

Honi aliyasikia yote akiwa mlangoni. Kumbe ukimya wake ulikuwa umemnyang'anya baba hata macho yake.

Asubuhi hakwenda shule. Aliwakuta baba, mjomba na mkaguzi wamesimama nje ya kibanda cha ishara, shemeji wawili wasiotazamana.

"Baba," alisema, "macho yako ni mazima. Na mjomba hakuvuta. Twendeni kwenye mlingoti niwaonyeshe."

"Mtoto huyu vipi?" mkaguzi aliuliza, lakini mjomba alikuwa ameshaanza kutembea.

Chini ya mlingoti Honi alivua viatu, akapanda juu ya waya, akajikaza. Mkono ukainama juu ya vichwa vyao. Alikaa hivyo mpaka wote watatu walipoona. "Hivi ndivyo nilivyofanya siku ile," alisema. Hakumtaja Kidomo.

Mkaguzi alikohoa. Baba alimtazama bintiye.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, baba."

Baba alimgeukia mjomba, nao wakashikana mikono kama watu waliokutana msibani.

Baba alirudishwa kazini. Waya ulifunikwa kwa bomba la chuma, na mkaguzi alikiri kwamba ulipaswa kufunikwa zamani. Honi alikatazwa kukaribia reli. Jumamosi mjomba alimpeleka hospitali.

Nyundo alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza uso ukutani. "Nina binti wa rika lako," alisema. "Nenda sasa. Utakuja siku nyingine." Honi alimsaidia mke wa Nyundo kufua mashuka uani, kisha yeye na mjomba wakaondoka.

Njiani Honi aliuliza, "Mjomba, atanisamehe?"

"Sijui. Hilo ni lake, si lako." Walikuwa wameufikia uzio wa reli. Mjomba alisimama, akauelekezea kidole mlingoti. "Unajua kwa nini mkono ule una kipande kizito cha chuma nyuma yake?"

"Hapana, mjomba."

"Waya ukikatika, chuma kile chenyewe huunyoosha mkono. Waliotengeneza walijua vitu huharibika. Basi wakataka mtambo ukiharibika, useme hatari mara moja, usijifanye mzima. Wewe ulikosea kwa kucheza na waya, na kosa hilo limechukua mguu wa mtu. Lakini kunyamaza kulikuwa kosa la pili, na hilo lilikaribia kutuchukua baba yako na mimi. Siku nyingine ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka."

Treni ya mizigo ilikuwa imesimama mbele ya mlingoti, ikingoja. Dirishani alionekana baba. Kibandani, mwenzake mjomba aliyeshika zamu alivuta wenzo; waya ulinong'ona ndani ya bomba, mkono ukainama, na treni ikaanza kuvuta polepole. Baba aliutazama mkono, akafikicha macho, akautazama tena. Ndipo akapita.