Wingu la Safu ya Tano

Kila asubuhi ya wiki ya zamu yake, katika likizo ya mwezi wa nne, Hasina alianza siku yake kwa kumfuata Babu Mselem ili achukue ufunguo wa kituo cha umeme. Alimkuta palepale, kwenye baraza iliyo mkabala na kituo, ameinamia bao, kikombe cha kahawa kando ya goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndoo iko nyuma ya mlango. Na leo usiniachie mavi ya kunguru kama juzi."

"Juzi haikuwa zamu yangu, babu."

"Kunguru hajui zamu," alisema mzee, akanyakua kete za mwenzake. Wazee wenziwe wakacheka.

Hasina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa katika klabu ya mazingira ya shule. Klabu hiyo ndiyo iliyoosha kwa zamu, mwanafunzi mmoja kila wiki, paneli za kituo cha umeme wa jua cha kijiji chao, karibu na Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Paneli zilipangwa kwa safu tano ndani ya uzio wa waya. Umeme wake uliungana na ule wa gridi uliotoka mjini, na uliozidi ukahifadhiwa kwenye betri kubwa. Laini ya mjini ikikatika, betri hizo ndizo zilizokishikilia kijiji, na zahanati ikipewa umeme kabla ya nyumba yoyote.

Kila safu ilikuwa na kifaa kidogo kilichopeleka habari zake papo kwa papo hadi ofisi moja ya Raskazone, mjini Tanga. Huko, mhandisi kijana aitwaye Sabra alitazama skrini, akaona safu ipi inazalisha vizuri na ipi imelegea, kama daktari anayesikiliza mapigo ya moyo. Lakini Sabra alikuwa mbali. Kijijini, macho yake yalikuwa Babu Mselem, mlinzi wa kituo.

Masika ya mwaka huo hayakuwa na huruma. Mvua ilinyesha alfajiri, jua likachungulia kidogo, kisha mvua ikarudi kama mdai asiyechoka. Semeni, mama yake Hasina, alikuwa mchuuzi wa dagaa. Aliwanunua wabichi pwani, akawachemsha kwa maji ya chumvi na kuwaanika kwenye majamvi. Lakini majamvi yenyewe hayakukauka, dagaa wangekaukaje? Waliota ukungu, wakanuka. Mara mbili Hasina alimwona mama yake akimwaga beseni zima shimoni. Mara ya pili alimwona akijifuta macho kwa ncha ya leso.

Asubuhi moja, alipokuwa akifuta paneli, kiganja chake kiligusa kioo kitupu. Jua lilikuwa limetoka kwa muda mfupi tu, lakini kioo kilikuwa cha moto kama kikaango. Chini, ardhi ilikuwa tope. Juu, kioo kilikuwa kikavu kabisa.

Kesho yake ndoo ya Hasina ilikuwa na kifuniko, na ndani hamkuwa na maji ya sabuni. Aliwatandaza dagaa juu ya safu ya tano, ile ya mwisho, iliyofichwa na chumba cha betri. Wazee wa barazani hawakuweza kuiona. Kila matone yalipoanza kuanguka aliwakusanya, na jua liliporudi akawaanika tena.

Jioni mama yake alimvunja dagaa mmoja, naye dagaa akakatika kwa mlio kama kijiti kikavu.

"Hee! Hawa wamekaukia wapi?"

"Juu ya mabati ya shule, mama."

Semeni akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu mvua zianze, na mbele ya tabasamu lile Hasina aliuona uongo wake mdogo kama punje ya chumvi. Siku zilizofuata akaendelea.

Siku moja alipofika barazani mara moja, dagaa wakiwa bado juu ya kioo, simu ya Babu Mselem ililia. Mikono ya mzee ilikuwa imejaa kete, kwa hiyo akaiweka simu chini na kuifungulia spika.

"Shikamoo, babu. Ni Sabra. Safu yako ya tano ina nini? Nyingine zinajikongoja na mvua hii, lakini ya tano karibu imelala."

Mselem hakuinuka. Alimgeukia Hasina. "We binti, umetoka huko sasa hivi. Safu ya tano ina nini?"

Hasina alijibu haraka. "Wingu tu, babu."

"Wingu tu, mwanangu," mzee akaiambia simu.

Sabra alicheka. "Wingu gani hilo, babu, linafunika safu moja na kuziacha nne?"

"Mawingu ya Tongoni yana upendeleo!" Baraza nzima ikaangua kicheko. "Unabishana na mtu aliye chini yake?"

"Haya, babu. Kama ni wingu, nitauacha mtambo usubiri jua. Ingekuwa hitilafu, ningeamuru betri zijazwe leo hii kwa umeme wa mjini, maana tumetangaziwa upepo mkali."

Hasina aliyasikia maneno hayo yote. Alibaki amesimama, ufunguo mkononi, akingoja mtu amuulize tena. Hakuna aliyemuuliza. Bao likaendelea.

Upepo ulikuja kesho yake wakati wa magharibi. Mti uliangukia laini ya mjini, ikakatika. Betri zikapokea mzigo, lakini zilikuwa hazijafika hata nusu. Mtambo ulifanya kama ulivyofundishwa: ulizima maduka, ukazima nyumba, ukaiachia zahanati umeme wote uliobaki. Huko alikuwa amelazwa Tahiri, mtoto wa jirani yao Mwanakhamis. Alikuwa hajaanza hata kutembea, na nimonia ilikuwa imembana kifua. Mashine ya oksijeni ndiyo iliyomsaidia kupumua.

Adhana ya alfajiri ilipoanza, mashine ile ikanyamaza.

Hasina aliamshwa na mngurumo wa bodaboda. Kupitia mlango alimwona Mwanakhamis amepakiwa nyuma ya dereva, mtoto kifuani, turubai juu yao. Barabara ya kwenda Tanga ilikuwa tope tupu. Mwanakhamis hakulia, hakupiga kelele. Alirudia maneno yaleyale tu, kwa sauti ya chini: "Pumua, mwanangu. Pumua." Pikipiki ikapotea mvuani, na Hasina akabaki na maneno yale.

Siku ya tatu, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano katika darasa la shule. Habari kutoka hospitali zilisema Tahiri yu hai, lakini hali yake bado ilikuwa ngumu. Sabra naye alikuja, viatu vimejaa matope. Watu walikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imepata mtu.

"Mzee wa bao huyo!" mmoja alifoka. "Anakula kete, watoto wanakata roho!"

"Ameuza umeme wetu!"

"Mzee Mselem," mwenyekiti alisema, "umri wako tunauheshimu, lakini hapa huna kazi tena. Uliiambia ofisi ni wingu. Nani alikwambia?"

Mselem aliinua macho. Yalimwona Hasina kwenye dawati la nyuma, kando ya mama yake. Kisha yakashuka sakafuni.

"Nilisema mwenyewe," alijibu, akauweka ufunguo juu ya meza.

Sauti ya ufunguo ule juu ya mbao ilikuwa ndogo, lakini Hasina aliisikia kama mlango unaofungwa. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia babu ni wingu. Hapakuwa na wingu. Nilianika dagaa juu ya paneli."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajinyamazisha. Semeni alijiziba mdomo kwa leso.

"Si uliniambia mabati ya shule?"

"Nilikudanganya, mama."

Mvua iligonga juu ya bati. Ndipo Sabra alipozungumza, na hakupaza sauti.

"Paneli za safu moja ni kama watu wanaovuta wavu wa jarife kwa kamba moja. Ukiwafunika wachache, safu yote inalegea. Skrini yangu iliona hilo na ikaniambia kweli. Sisi watatu ndio tulioikanusha. Wewe Hasina kwa hofu, babu kwa uvivu wa kuinuka, na mimi kwa kucheka badala ya kusisitiza. Kifaa kinaona haraka, lakini hakina miguu ya kwenda kutazama. Kinamtegemea aliye karibu. Akisema uongo, ameupofusha mtambo mzima."

Mwenyekiti aliusukuma ufunguo urudi kwa Mselem, pamoja na onyo kali. Semeni hakumchapa bintiye. Aliwachukua dagaa wote waliokaukia kwenye kioo, akawamwaga shimoni, akarudi ndani. Hasina angependa zaidi kuchapwa.

Tahiri alirudishwa nyumbani mvua zilipopungua, amekonda, shingo haishiki kichwa. Hasina alikwenda kumpa pole Mwanakhamis.

"Shikamoo, shangazi. Naomba unisamehe."

"Marahaba," alisema Mwanakhamis, akaurudisha mlango polepole.

Hasina alikwenda kituoni kusugua mafuta ya dagaa yaliyoganda kwenye vioo. Babu Mselem alikuwa akimshikia ndoo.

"Kwa nini hukunitaja, babu?"

"Kwa sababu wewe ulisema uongo mmoja, na mimi nikausema wa pili. Nilisema nisichokiona. Sikiliza, mjukuu wangu. Kusema 'sijui, ngoja nikaone' si aibu. Aibu ni kujibu kabla ya kuona. Neno hilo moja lingemwacha Tahiri alale kitandani mwake pale zahanati."

Wiki ile ile simu ikalia barazani. Safu ya pili ilikuwa imeshuka kidogo. Babu Mselem alitazama juu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Ngoja tukaone, mwanangu," alisema, akainuka na kuziacha kete zake.

Hasina alitangulia mbio hadi uzioni. Kioo kilikuwa safi. Juu yake, kivuli kikubwa kilikuwa kikitambaa kutoka safu ya pili kwenda ya tatu. Lilikuwa wingu kweli. Hasina alisimama akalitazama mpaka likapita lote, ndipo akarudi kusema.