Jina la Bi Kijakazi

Kanzu ya Ngwali ilianza kufuliwa na mtu asiyejulikana. Aliiacha kwenye kamba nyuma ya dahalia walimolala wanachuo, ina tope la bustani na doa la wino, na alipotoka darasani akaikuta juu ya kitanda chake, nyeupe, imekunjwa vizuri. Ilinuka mwani, na chini ya mwani, asumini. Aliwauliza wenzake, wakamcheka. Katika skuli ile ya kufundishia walimu wa shamba, miaka michache kabla ya vita vya Hitila, kila mwanachuo alijifulia mwenyewe, hata mtoto wa kadhi.

Hakuuliza tena. Kusema kweli, aliifurahia. Kijana mwenye kanzu mbili tu duniani, anayekaa benchi moja na watoto wa mjini Chake waliovaa kofia za kazi ya mkono, hakuwa wa kuchagua nani amfulie. Aibu ilimkaa Ngwali tangu siku aliyofika pale: aibu ya miguu yake iliyopasuka, ya maneno yake ya shamba, ya babu yake aliyeletwa kutoka bara hali amefungwa kamba. Na Ijumaa iliyopita aibu hiyo ilikuwa imemponza.

Ijumaa ilikuwa siku ya wageni. Baada ya sala wanachuo walikaa barazani kungoja jamaa zao, na Ngwali akamwona mama yake akija kwa miguu, pakacha kichwani, kanga imepauka, vidole vimekuwa vyeusi kwa kuchambua karafuu. Mama huyo aliitwa Kijakazi. Ndugu zake waliomtangulia walikufa wote wachanga, basi alipozaliwa yeye wazee wakampa jina la mtumwa, ili hasadi na majini wamdharau, wampite. Hila ilifaa, maana aliishi, lakini jina likamganda.

Msellem, aliyelala kitanda cha pili yake, akauliza, "Nani yule anayekupungia mkono?"

"Kijakazi," alisema Ngwali.

Jina amelitaja, tena la kweli, na hapo ndipo alipojiona mjanja. Msellem akacheka, akasema kumbe kwao Ngwali ni wakubwa hivyo, watumwa wameachwa huru zamani na wao hata leo wana kijakazi wa kuwaletea chakula. Ngwali akatabasamu, astaghafiru, akatabasamu kabisa. Mama yake alipofika akamwita mwanangu, na hilo nalo halikuharibu kitu, kwa kuwa wajakazi wa zamani waliwaita hivyo watoto wa mabwana zao. Akalipokea pakacha bila kuubusu mkono uliolileta, akamhimiza arudi kabla ya mvua. Bi Kijakazi alisimama kidogo, akawatazama wale vijana, kisha akasema haya, akaenda zake.

Baada ya kanzu likaja la samaki. Walikuwa kwenye chakula cha mchana, Ngwali akageuka kuomba maji, na aliporudisha uso akakuta changu wake ameshachambuliwa, miba imepangwa ukingoni mwa sahani, nyama imefinyangwa kwa matonge madogo ya kutosha kinywa cha mtoto. Mkono wa aliyefanya hivyo hakuuona. Alikuwa na njaa, akala.

Halafu ikawa ni vidole. Darasani, mchana kweupe, Mwalimu Bakar akiandika ubaoni, vidole vilivyolowa vilipita kichwani mwa Ngwali, vikatenganisha nywele taratibu, kama mama anavyomtafuta mwanawe chawa. Akajikausha. Angesema nini? Kwamba kuna mtu anampenda? Akaona haya kulisema jambo lile kuliko alivyoliogopa, na hilo lilikuwa kosa lake la pili.

Jumatatu, katika kuita majina, Mwalimu Bakar alisoma, "Ngwali Jaribu," na kabla Ngwali hajafungua kinywa sauti ya mwanamke ikaitika nyuma yake, sauti laini, karibu sana, "Yupo mwanangu." Wote waliisikia. Hakuna aliyecheka. Kutoka hapo wenzake wakavisogeza vitanda vyao mbali na chake, na harufu ya mwani ikaacha kungoja kanzu, ikawa inamfuata uwanjani na bustanini na msikitini hata akasogea safu ya nyuma kwa haya, na siku ile ya mpira Msellem alipomkwatua akaanguka, na kumkejeli kwamba ainuke basi, au anamngoja kijakazi wake aje kumwinua, watu wote waliokuwa pale uwanjani, jua linawaka, walisikia kofi likilia hewani bila mkono, wakamwona Msellem akizunguka na kwenda chini, na walipomgeuza mdomo ulikuwa umekwenda upande na shavuni pana alama za vidole, virefu mno, vilivyofika mpaka kisogoni.

Mwalimu Bakar hakutaka habari ya waganga katika skuli ya serikali, lakini alikuwa ameliona shavu la Msellem. Akampeleka mtu Vitongoji kumwita Bi Mwanapili, aliyekuwa fundi wa mambo hayo, mwanamke mfupi, mla tambuu, asiyependa maneno mengi. Alasiri ile alimkalisha Ngwali mkekani, akamfunika shuka, akamfukiza ubani. Chetezo hakijashika vizuri, Ngwali akaanza kusema kwa sauti isiyo yake.

"Kaulizwa yule nani," sauti ilisema, polepole. "Hakusema mama. Nikasema basi, huyu hana. Mie wangu wote wamekufa."

"Huyu si wako," alisema Bi Mwanapili.

"Namfulia. Namlisha. Wee wamjua mwengine?"

Alipozindukana, Bi Mwanapili alimuuliza kama mama yake yu hai. Ngwali aliinamisha kichwa. Yaliyomtoka hapo yalimtoka kwa shida, neno moja moja, huku Mwalimu Bakar amesimama anasikia, na uso wa kijana ulikuwa ukimuungua. Bi Mwanapili akamweleza dawa yake, nayo ilikuwa nyepesi. Mama aletwe. Ngwali amwite mama, kwa sauti, mbele ya macho yaleyale, na mama awahi kuitika, maana wito ni mmoja tu. Mwenyewe akiitika, yule mwengine hana pa kukaa tena. Ngwali akaomba, kwa sauti ya chini, kama jambo hilo haliwezi kufanywa nyumbani kwao.

"Umemkana kuno," alisema Bi Mwanapili, "kuno ndiko utakakomwitia."

Bi Kijakazi aliambiwa tu kwamba kijana anaumwa. Akatoka mbio, akafika kabla hajatazamiwa, Bi Mwanapili yuko jikoni bado anapuliza makaa, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza anachotakiwa kufanya. Wanachuo walikwishapangwa uani, Ngwali mbele yao. Mwalimu Bakar, kwa adabu yake, akamuuliza, "Shikamoo bibi. Wewe ni nani wake?"

Bi Kijakazi alimtazama mwanawe. Akaitazama kanzu ile nyeupe, akamwona na Msellem mwenye mdomo wa upande. Kicheko cha Ijumaa ile alikuwa amekisikia, na maneno yake pia, hakumwambia mtu. Akashusha macho.

"Mie kijakazi wao, Mwalimu," alisema. "Mamake hakuweza kuja."

Alisema hivyo kumsitiri mwanawe. Aliona ndiyo zawadi pekee aliyokuwa nayo siku ile. Ngwali akahisi kwamba ardhi ingempasukia, angeshukuru. Kwa mara ya kwanza tangu afike skuli ile hakujali nani anamtazama; akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

"Mama!"

Bi Kijakazi aliinua uso, machozi yanamlenga, hajaamini kama ni yeye anayeitwa. Akachelewa kidogo tu, kiasi cha kuvuta pumzi.

"Labeka mwanangu," ikaitika sauti nyuma ya bega la Ngwali, na harufu ya mwani ikajaa uani.

Bi Mwanapili alikuwa ametokea mlangoni na chetezo mkononi. Alisikiliza, akamwaga makaa chini. "Kashaitikiwa," alisema, na ujira hakuuchukua.

Ngwali alisomesha miaka mingi baada ya hapo, na alimchukua mama yake akakaa naye, akamtunza, akamtambulisha kwa kila mgeni kwamba huyu ndiye aliyemzaa. Bi Kijakazi alimsamehe, tena mapema. Lakini mwanawe akiita mama, yeye hunyamaza kwanza, mkono kifuani, akasikiliza. Siku nyingi huwa hana haja ya kuitika.