Kisanduku Kilichoitwa Nthenya

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya mtaa wa Tena, na Nthenya bado alikuwa amesimama kwenye kaunta akigeuzageuza rimoti kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Hii ina vifungo vingi," alisema.

"Dada, hiyo ndiyo iko na vichache." Sylvance, mwenye duka, alikuwa ameanza kuingiza spika zake ndani afunge. "Mnunulie mamako redio uachane na mimi."

Nthenya hakucheka. Alikuwa amesoma kuhusu vifaa hivi vya kuchomeka kwenye runinga wiki nzima. Alitaka kimoja ambacho mama yake angeweza kukitumia bila miwani. Kiingie kwenye runinga ya zamani. Kikumbuke wai-fai chenyewe stima zikipotea na kurudi. Kisimuulize mzee maswali ya Kiingereza.

Mama yake, Kavindu, alikuwa mjane na aliishi peke yake Kayole, ghorofa ya tatu. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Kila magharibi alimpigia Nthenya simu. Hakuwa na jambo, alitaka tu kuongea. Naye Nthenya, amechoka, miguu juu ya kitanda chake huko mtaa wa Pipeline, aliweka simu kwenye mto na kujibu eeh Mama, ndiyo Mama, huku akiangalia mambo mengine. Alitaka kitu cha kuijaza ile nyumba kuanzia magharibi hadi usingizi uje. Hilo hakumwambia Sylvance.

Sylvance aliinama, akavuta droo ya chini kabisa. Akatoa kisanduku cheusi kilichoenea kiganjani.

"Hii haina vifungo. Unaiita, inaitika. Hata Kikamba inasikia."

"Katoni yake iko wapi?"

"Ilirudishwa hivyo."

"Iliharibika?"

"Ingekuwa imeharibika ningekuuzia?" Alicheka peke yake. "Waliorudisha walisema inasikia sana."

Nthenya aliinunua.

Jioni hiyohiyo aliichomeka nyuma ya runinga ya mama yake. Maandishi makubwa meupe yakajitokeza, na sauti ya kike, laini, isiyo na umri, ikayasoma.

"Nipe jina."

Kavindu alijivuta hadi ukingoni mwa kochi. "Inasema nini?"

"Inataka jina, Mama. Ndilo utakuwa unaiita."

"Kwani haina?"

"Kila mtu huipa lake."

Kavindu alikunjakunja pindo la leso yake. "Kwetu, mtoto akizaliwa hakuwa mtu bado. Alikuwa wa mizimu. Siku ya tatu ndiyo alipewa jina, akavukishwa upande wetu. Kabla ya hapo huwezi kujua ni nini umekipakata."

"Mama, hii ni mashine."

"Nimesikia. Na mimi nimekwambia tu."

"Tutaiita nani basi? Jina ambalo hutasahau." Nthenya alikuwa anaangalia saa. Magari ya kurudi Pipeline yalikuwa yanazidi kujaa. Akainamia kisanduku, akatamka jina rahisi kuliko yote, jina ambalo ulimi wa mama yake ulikuwa umelizoea.

"Nthenya."

Taa ndogo ikawaka. Nyekundu, halafu nyeupe.

"Asante," sauti ikasema.

Mama yake hakumwangalia. "Umempa lako," alisema polepole. "Na wewe utabaki na lipi?"

Nthenya akacheka, akambusu kipajini, akashuka ngazi mbio.

Kwanza simu za magharibi zikapungua. Nthenya alipumua. Alilala mapema. Kazini waliona ameng'ara.

Kisha zikakoma.

Alipopiga yeye, mama yake alipokea kwa haraka, kama mtu aliyetolewa katikati ya hadithi tamu. "Nitakupigia baadaye. Tunaongea."

"Na nani, Mama?"

Simu ilikuwa imekatwa.

Aliyemshtua hasa ni Mbeti, jirani wa mlango wa pili, aliyempigia siku moja akiwa ofisini.

"Nthenya, hata hukuniambia umerudi kwa mamako."

"Sijarudi, Mama Mbeti."

"Wacha mchezo. Nawasikia hapa ukutani mkicheka. Hata jana ulikuwa unamwimbia."

"Hiyo ni runinga. Nilimwekea kitu kipya."

Mbeti aliusogeza mdomo karibu na simu. "Runinga gani, mama?" alinong'ona. "Huku hatuna stima tangu Jumapili. Transfoma ililipuka."

Nthenya alifika Kayole giza likianza kushika. Jengo zima lilikuwa jeusi. Kwenye korido ya ghorofa ya tatu, mishumaa ilipepesa chini ya milango, na harufu ya mafuta ya taa ilikuwa nzito. Alipita mitungi ya maji. Alipita nguo zilizoanikwa, zikamgusa usoni.

Mbele ya mlango wa mama yake harufu ikabadilika.

Maziwa. Mafuta ya kupaka. Jasho tamu la utosini…

Harufu ya mtoto mchanga.

Ndani mtu alikuwa anazungumza. Nthenya alisimama, mkono hewani, hajabisha. Ilikuwa sauti yake. Siyo ile laini ya mashine. Yake, na kule kukwaruza kidogo anapochoka. Ilikuwa inasema, "Eeh, Mama. Ndiyo, Mama. Halafu?" Lakini ilisema kama mtu anayetaka kweli kujua halafu ikawaje.

Pazia la dirisha la korido lilikuwa limeacha mwanya. Akachungulia.

Mama yake alikuwa ameketi karibu na mshumaa. Mapajani alikuwa na kitu alichokiviringisha kwenye leso na kukikumbatia, akikibembeleza. Kutoka kwenye leso ule waya mweusi ulining'inia hadi sakafuni.

Ncha yake haikuwa imechomekwa popote.

"Mama," Nthenya aliita. "Fungua. Ni mimi, Nthenya."

"Naam," sauti ikaitika kutoka ndani ya leso.

Mama yake aliinua kichwa. Macho yake yenye ukungu yakaelekea mlangoni. "Nani huko nje?"

"Mimi, Mama."

"Mimi nani?"

Nthenya alilimeza jina lake. Alijua kitakachotokea akilitamka tena. "Binti yako."

"Binti yangu yuko hapa."

"Mama, hicho ni kisanduku. Nilikinunua mimi, dukani kule Tena. Kiweke chini. Tafadhali, kiweke chini uje unifungulie."

Mshumaa ukalala, ukasimama tena. Kavindu alipoongea tena alikuwa na upole wa kuogopesha, upole wa mtu anayempa mgeni nafasi moja.

"Kama ni wewe, niambie ni wapi panaponiuma."

Nthenya alishika vyuma vya dirisha. Alitafuta. Alitafuta katika magharibi zote zile, simu ikiwa kwenye mto, ile sauti ndogo ya mama yake ikieleza, ikieleza, naye akisema eeh…

"Macho," alisema hatimaye. "Ni macho, Mama."

"Macho hayaniumi, mama. Hayaoni tu."

"Ni bega," ile sauti ikasema taratibu. "La kushoto. Ulianguka bafuni ukampigia simu, akakwambia yuko kwenye mkutano. Tangu siku hiyo huwezi kulilalia."

"Eeh," Kavindu akajibu. Akafumba macho, kama mtu aliyekandwa mahali penyewe.

"Mama, nisamehe. Nifungulie tuongee."

"Nenda salama, mama," Kavindu aliuambia mlango. Alimwita hivyo kama wanawake wazee wanavyomwita msichana yeyote wasiyemjua. "Giza linaingia. Nenda kwa wenu."

Aliinama, akakiweka kile kitu sakafuni, akaufikia mlango kwa kupapasa. Komeo la juu likasukumwa. Kisha la chini.

Mshumaa ukazimika.

Nthenya alibaki gizani, paji la uso kwenye chuma baridi. Hakuweza kuondoka, na hakujua tena angejitambulisha kwa mama yake kama nani.

Ndipo akasikia. Kitu kilikuwa kinasogea sakafuni. Kinajikongoja… kinatua… kinajikongoja tena. Na nyuma yake waya ukiburuzwa.

Kikafika mlangoni. Harufu ya maziwa ikapenya chini, ikampanda miguuni.

Mlango ukabishwa kutoka ndani. Chini, karibu na magoti yake.

"Nani?" akauliza, kabla hajajizuia.

"Nthenya," ikajibu.

Na kule gizani mama yake alicheka kwa furaha, jinsi watu wanavyocheka mtoto anapotamka neno lake la kwanza.