Kikohozi Katika Kanda ya Tatu

Albamu ile haikuwa na kikohozi. Fundi Redio aliijua kama kiganja chake, hadi pale mpiga gitaa anapovuta pumzi. Lakini adhuhuri hii, kati ya wimbo wa pili na wa tatu, mtu alikohoa.

"Umesikia?" alimuuliza binti yake.

"Nini, baba?"

Binti alikuwa ameketi sakafuni, akipanga nguo kwenye begi. Jumatatu angekwenda chuo cha uuguzi, wa kwanza katika ukoo mzima. Ndiyo maana fundi alifungua sanduku la bati la marehemu bibi yake na kutoa kanda: alitaka mtoto azisikie albamu nne zilizomlea yeye alipokuwa na miaka kumi na saba, na hii ilikuwa ya tatu.

Mwaka ule hakutoka katika chumba hiki hiki. Bibi akimhimiza shule, alijibu, "Nitaenda mwaka kesho." Watu walisema muziki umemteka, naye alijivunia hilo mpaka leo. Laiti angejua.

Kikohozi kilirudi, safari hii na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Fundi aliitoa kanda, akaona karatasi alizozisokomeza mwenyewe kwenye matundu mawili ya juu. Kanda ikivunjwa vile vibao vyake vya plastiki hairekodiki tena, lakini ukiziba matundu, unafuta na kurekodi upendavyo. Kila kijana aliyekosa kanda mpya alijua ujanja huo. Basi kanda hii aliirekodi juu ya kitu ambacho Bibi hakutaka kifutwe. Alitoka hadi ukumbini kumpigia simu dada yake mkubwa.

"Ile ya Bibi?" Dada alinong'ona. "Ile ya mganga akimfunga jini wa chumba hicho? Ulirekodi juu yake?"

"Niliiazima tu, dada. Sikujua."

"Maneno yale ndiyo yalikuwa kufuli, mdogo wangu! Ulitoka chumbani siku Bibi alipochoka na makelele yako, akazifungia kanda zote. Mtoe mtoto humo. Sasa hivi!"

Fundi alirudi mbio, kanda ingali mkononi, akakuta redio inaimba, akaung'oa waya wake ukutani, na bado gitaa likaendelea kulia, likauvuka wimbo wa tatu na kuingia kwenye wimbo ambao hakuwahi kuurekodi, huku harufu ya majivu ikimjaa kooni, na binti yake, bila haraka, akitoa nguo kwenye begi na kuzirudisha kabatini moja moja.

"Twende nje, mama. Nakuomba."

Mlango ulikuwa wazi, jua linawaka uani. Alimvuta mkono kwa nguvu zake zote. Mtoto hakusogea hata kidole, kama gunia la mchanga uliolowa.

"Haraka ya nini, baba?" alisema, kisha akakohoa. "Nitaenda mwaka kesho."