Meno Mapya na Ngozi ya Sili

"Hayo meno mapya yanatafuna ngozi, au ni ya kuchekea tu?"

Hilo ndilo swali ambalo jirani yao Leetia aliuliza siku moja alipokuja kunywa chai. Wanawake waliokuwapo wakaangua kicheko. Bibi Qapik naye akacheka, ila mdomo hakuufungua.

Mjukuu wake Ulayu, msichana wa miaka kumi na miwili, hakulipenda swali lile. Yeye alijua jinsi Bibi alivyoteseka. Tangu ujana wake Bibi alilainisha ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, kwa kuitafuna, ili ishonwe viatu vya kuvaa barafuni, mpaka meno yakalika hadi kwenye ufizi. Mwishowe mwanawe, baba yake Ulayu, alimsafirisha kwa ndege kutoka kijijini kwao, kaskazini kabisa mwa Kanada, hadi mji mkuu, Ottawa. Huko meno yaling'olewa yote, skrubu zikapandikizwa katika mfupa wa taya, juu na chini, na juu yake yakafungwa meno ya muda.

"Mpaka mfupa uzishike hizi skrubu, ni chakula laini tu," daktari alisema. "Hata kama husikii maumivu."

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule Ulayu alipasha mchuzi wa samaki, akaponda viazi, akachanganya maji ya uvuguvugu na chumvi. Bibi alisukutua, akatema, akanywa mchuzi wake polepole. Uvimbe ukapungua. Wengine walipoketi sakafuni kula samaki mbichi aliyeganda, Bibi aliwatazama tu, akimeza mate.

Viatu vya Ulayu ndivyo vilivyobaki bila kumalizwa. Vilikuwa havijatiwa soli, kwa kuwa ngozi yake haikuwa imetafunwa ikalainika, na Baba alikuwa ameahidi kumpeleka barafuni kuwinda Jumamosi, kwa mara ya kwanza.

Alhamisi upepo ulivuma vibaya, shule ikafungwa mapema. Ulayu alipofungua mlango alimkuta Bibi ameketi dirishani, amempa mgongo. Taya zilikuwa zikicheza. Kipande cha ngozi ya sili kilining'inia mdomoni, na ukingoni mwake palikuwa na damu.

"Bibi! Daktari alikataza!"

"Daktari amewahi kushona kiatu?" Bibi alijibu, akijifuta damu kwa kiganja. "Leetia ananicheka mbele ya kijiji kizima. Na wewe utakwenda barafuni na miguu mitupu? Nyamaza, mjukuu wangu. Baba yako asijue."

Ulayu akanyamaza. Alivitaka viatu vile.

Jioni Bibi hakugusa mchuzi. Asubuhi shavu lake lilikuwa limevimba, na kila alipojaribu kusema, kitu kiligongagonga kinywani mwake, kama kitasa kilicholegea. Upepo ulikuwa bado unapiga kuta. Ndege isingeweza kutua. Ulayu aliogopa. Meno yote yakitoka? Na huo uvimbe ukipanda kichwani? Alipiga magoti jikoni, akasali, "Ee Mungu, mponye Bibi, nisilazimike kusema."

Lakini amina haikutoka. Moyoni alijua kwamba hakuwa akisali. Alikuwa akijificha.

Akavaa koti, akainama kuukabili upepo, akaenda hivyo hivyo mpaka kituo cha afya.

"Ametafuna nini?" Nesi Colette aliuliza.

Ulayu alimtazama usoni. "Ngozi ya sili. Kwa ajili ya viatu vyangu. Nilimwona jana, nikanyamaza."

"Leo umesema. Shika huu mkoba, twende."

Nesi alimulika kinywa cha Bibi, akampigia simu daktari wa Ottawa, akatoa dawa. "Skrubu moja imelegea, na uchafu umeingia kwenye kidonda," alisema. "Mngekaa kimya zaidi, zingelegea na nyingine."

Bibi alimtazama mjukuu wake kwa hasira, akageukia ukutani. Mgongo ule ulimtisha Ulayu kuliko upepo.

Upepo ulipotulia, Bibi alipandishwa ndege. Jumamosi ikapita, Baba hakwenda kuwinda. Bibi aliporudi, shavu lilikuwa limenywea. Skrubu moja ilikuwa imeondolewa, nyingine zimenusurika.

Alimwita Ulayu aketi karibu naye.

"Nilikukasirikia," alisema. "Kisha nikalala kwenye kitanda cha hospitali, nikamshukuru Mungu kwa ulimi wako. Unajua barafu mpya hung'aa kuliko ya zamani, na ndiyo inayozamisha watu. Meno yangu yaling'aa hivyo hivyo, nikayatia uzito kabla hayajashika. Anayetaka kupona asione haya kungoja. Na anayempenda mgonjwa hamsaidii kuficha ugonjwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Leetia, akikung'uta theluji mabegani.

"Haya, shoga! Meno ya Ottawa yamerudi? Kiatu kiko wapi basi?"

Ulayu alimwogopea Bibi. Lakini Bibi alichukua ile ngozi yenye doa la damu iliyokauka, akaiweka mapajani mwa jirani yake.

"Kiatu ndicho hicho. Nilijaribu, nikaumia. Daktari amesema ningoje, nami nitangoja. Meno yako bado mazima, Leetia, na mtoto hana soli."

Leetia alilitazama lile doa. Akaitazama miguu ya Ulayu. Kicheko kilimkauka usoni. Akaikunja ngozi, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna. Kisha akainuka, akavichukua viatu vya Ulayu, akaenda navyo kwake kuvitia soli.