Kisasi cha Bibi Giza

Asubuhi hiyo ngazi za jengo la gazeti zilikuwa zikipakwa rangi, na ukumbi wa chini ulifurika watu wakigombea lifti moja. Katikati yao alibanwa msichana mfupi mwenye vishimo mashavuni. Gauni lake la njano lilimkaa utadhani alizaliwa nalo, lakini viganja vilimlowa jasho. Wasomaji walimjua kama Bibi Giza. Kila Jumamosi hadithi zake za kutisha ziliwafanya watu wazima walale na taa, na wengi waliapa kwamba mwandishi ni kikongwe mwenye jicho moja. Hawakujua kwamba yeye mwenyewe aliogopa lifti kuliko kifo, na kwamba kwa miaka minne alipanda ngazi mpaka ghorofa ya saba akisingizia mazoezi.

Watu walishuka njiani mmoja mmoja. Baada ya ghorofa ya sita akabaki peke yake. Lifti ikapanda kidogo, ikatikisika, ikasimama. Taa ikazimika.

Alipiga kelele mpaka koo likakauka. Akamwita mama yake, akamwahidi Mungu mambo ambayo hakuwa na uwezo wa kuyatimiza. Mwishowe kifuniko cha juu kikafunguliwa, mwanga wa tochi ukamwagika, na mwanaume mwenye ovaroli ya buluu akatua mbele yake. Msichana akamrukia, akamkumbatia shingoni.

"Pole, dada. Mimi ndiye fundi. Lifti hii ina kiburi tu, haina ubaya."

"Tutakufa!"

"Siku moja, ndiyo. Leo nina miadi ya chakula cha mchana."

"Na nani?" aliuliza, asijue kwa nini anauliza.

"Na wewe, ukiniachia shingo nipumue."

Mapenzi yao yalianza hivyo. Wiki sita simu hazikupumzika.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nimekula, ila nashindwa kwenda kunawa. Tangu uandike ule mkono unaotoka kwenye sinki, nanawa nje kwa bomba."

"Mwanaume mzima!"

"Mwanaume mzima mwenye mikono miwili, na anataka ibaki miwili."

Jumapili moja, wamekaa chumbani kwake wakimenya machungwa, Fundi alimweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Miaka mitatu nyuma mwenzake wa kazi aliteleza ndani ya shimo la lifti, mkanda ukakatika. Fundi alimdaka mkono. Alimshika mpaka bega likateguka, na bado vidole vya mwenzake vikamponyoka. Ajali hiyo wengi waliijua, lakini si hili: tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kuingia shimoni, magoti humtetemeka. Husimama akijifanya anapanga spana, mpaka yatulie.

"Usimwambie mtu, Giza langu."

"Kaburi," alisema, akajiziba mdomo kwa kiganja kinachonukia chungwa.

Jumanne iliyofuata video ikazagaa. Bibi Giza, malkia wa hofu, analia ndani ya lifti kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ilikuwa imepigwa kutoka usawa wa kofia ya Fundi, mahali ambapo kampuni yake ilimfungia kamera ndogo ya kazi. Wenzake ofisini walimwigiza mlio wake kwenye korido. Mtu akamwekea nepi mezani.

Fundi alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili haikupita, kwa sababu namba yake ilishafungiwa.

"Msikilize basi," dada yake Bibi Giza alimsihi. "Hata mwizi husikilizwa."

"Nitamsikiliza akilia."

Akakaa akaandika. Katika maisha yake hakuwahi kuandika kwa raha kama siku ile. Hadithi mpya ilimhusu fundi wa lifti aitwaye Magoti, mwoga anayetetemeka kila asubuhi huku akijifanya anapanga spana. Akaliandika bega. Akaliandika shimo. Kisha, kwa kalamu iliyomtii kama mbwa, akabadilisha jambo moja tu: Magoti hakuponyokwa. Alimwachia mwenzake makusudi, ili ajiokoe, na marehemu akawa anarudi kila lifti inapofunguka.

Wasomaji waliipapia. Magazeti yaliisha kabla ya saa tatu asubuhi. Sehemu ya pili ilipotoka, alisikia kwamba mafundi wenzake walikuwa wakimwita Fundi "Magoti" mbele ya wateja. Moyo wake ukashangilia. "Na bado," alisema peke yake, akinoa sehemu ya tatu.

Kabla hajaimaliza, mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa cheupe kichwani aliletwa mezani kwake. Alikuwa na gazeti lililokunjwa mara nne.

"Wewe ndiye Bibi Giza?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Nina swali moja. Mwanangu alifia kwenye shimo la lifti. Hapa umeandika kwamba rafiki yake alimwachia. Nataka kujua nani aliyekwambia, maana mimi niliambiwa vingine, na tangu Jumamosi sijalala."

Mashine za ofisini ziliendelea kuvuma. Bibi Giza akaigeuza karatasi ya sehemu ya tatu uso chini.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Nilitunga."

"Ulitunga." Mama alilirudia neno hilo kana kwamba analionja. "Kijana yule hawezi kuinua mkono wake juu ya kichwa mpaka leo. Sasa amesimamishwa kazi. Unajua kwa nini? Alimzaba kibao karani wa kampuni yao, aliyeiba video yako kwenye kompyuta akaisambaza."

Sakafu ya ghorofa ya saba ilionekana kuzama.

"Mama, nisamehe."

"Mimi umenitia shaka juu ya kifo cha mwanangu. Kwa neno moja haiishi. Kama ulikuwa na ujasiri wa kuandika uongo, uwe nao wa kuandika kweli."

Bibi Giza alikwenda kwa Fundi jioni ileile. Alimkuta mlangoni, amevaa fulana iliyopauka, ndevu hazijaguswa siku nyingi.

"Nimejua yote," alianza. "Karani—"

"Uliuliza lini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikupa kisu nikakushikisha mpini, ukanichinja nacho. Kama ungenitukana, ningevumilia. Lakini ukamuua mwenzangu mara ya pili, kwa mkono wangu."

Mlango ukafungwa taratibu. Heri angeubamiza.

Usiku haukumpa usingizi, na asubuhi aliweka karatasi moja mbele ya mhariri wake. Ilisema kwamba Magoti ameibwa kutoka kwa mtu halisi. Kwamba mtu huyo hakumwachia mwenzake. Kwamba anayetetemeka na bado akaingia shimoni si mwoga. Na kwamba mwoga ni mwandishi, aliyejificha nyuma ya jina la kubuni ili awachome watu bila kuonekana. Chini yake aliweka jina alilopewa na baba yake.

"Ukichapisha hili, Bibi Giza amekufa," mhariri alionya. "Watakucheka mitaani, safari hii wakikujua kwa jina."

"Najua. Natetemeka hapa nilipo. Chapisha kabla sijabadili mawazo."

Lilitoka Jumamosi. Walicheka kweli. Wengine waliandika barua za matusi. Mama wa marehemu hakuandika; alipiga simu, akasema, "Nimesomewa. Leo nitajaribu kulala," akakata.

Saa kumi alasiri mlango wa mwandishi ukagongwa. Fundi alikuwa amenyoa, shati jeupe limepigwa pasi, gazeti liko kwapani.

"Usifurahi. Bado nina hasira," alisema.

"Haki yako."

"Na nilikuwa na kisasi changu. Kampuni ilinipa video nzima, dakika arobaini, kwa ajili ya kesi ya karani. Unasikika tangu nikiwa juu ya paa la lifti, ukiahidi kumpa Mungu hata viatu vyako. Wiki nzima kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, tayari kuituma kwa gazeti la wapinzani wenu."

Msichana aliegemea ukuta. "Umeituma?"

"Nimeifuta. Juzi."

"Juzi?" Alihesabu kichwani. "Kabla ya gazeti kutoka?"

"Kabla. Nilijikuta nakusikiliza unavyolia, nikatamani nishuke tena nikushike. Kwa kisasi hicho sifai."

Akacheka huku machozi yakimtoka, akajifuta kwa ukosi wa gauni. Fundi hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

"Kuna jambo lingine. Naogopa kulisema. Magoti yameanza."

"Liseme hivyohivyo yakitetemeka."

Akamwita kwa jina lake la kweli, lile lililochapishwa asubuhi, akamwomba wawe mume na mke.