Miwani ya Kioo cha Fedha

Kila Jumamosi Mama akitoka zamu hospitalini, hunywa chai, hulala kidogo, kisha tunatoka mtaani kwetu Weston, huku ughaibuni, kwenda kutafuta vitu vya bei nafuu. Jumamosi hiyo tulitafuta miwani ya theluji. Darasa letu la saba lilikuwa likienda kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao, nami sikuwahi hata kuushika ubao wenyewe.

Kwenye kapu la punguzo tulikuta jozi mbili za miwani, bei moja. Moja ilikuwa pana, kioo cha manjano, kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Nyingine ilikuwa nyembamba, kioo kinang'aa kama fedha. Moyo wangu ukaangukia hiyo ya fedha.

"Ijaribu juu ya miwani yako ya macho," Mama alisema, akaenda kumuuliza muuzaji jambo.

Nikajaribu. Haikuingia. Basi nikaficha miwani ya macho mfukoni. Mama aliporudi alinikagua kama mama yake alivyomkagua utotoni kule Meru akinunuliwa viatu vya shule: inama, geuka, ruka.

"Ya macho umeivaa ndani, Nkatha?"

"Ndiyo, Mama. Inanienea kabisa."

Alinitazama usoni, akalipa. Vitu vya punguzo havirudishwi. Wiki nzima nilitaka kumwambia, nikashindwa. Nilijifunga kamba mwenyewe.

Siku ya safari, kiti kinachovutwa na waya kilitupandisha kilimani, na hakuna kushuka njiani. Kule juu kulikuwa na mawingu. Bila miwani ya macho, kila kitu kilikuwa weupe mtupu. Sikuona mteremko unaanzia wapi. Mbele siwezi, nyuma siwezi. Nikakaa kitako, nikalia, kioo kikaingia ukungu.

"Una nini, Nkatha?" aliuliza mwalimu wetu, Bi. Adelina.

"Nimechoka tu."

"Haya, simama tushuke."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale pale. Niliogopa kweli kweli.

"Mwalimu, sioni. Miwani yangu ya macho iko mfukoni. Nilimdanganya Mama."

Hakunigombeza. Alinishika mkono, tukashuka pembeni kwa miguu. Chini wahudumu wakaniazima miwani ya theluji pana, ya manjano. Niliivaa juu ya ile ya macho, nikaona kila tuta. Nilianguka mara kumi na moja, nikacheka.

Jioni nilimweleza Mama yote. Aliivaa ile ya fedha, akanigeukia.

"Unayaona macho yangu?"

"Hapana. Najiona mwenyewe."

"Nami dukani nilijiona mwenyewe tu. Yaliyokuwa nyuma ya kioo nilitegemea uniambie wewe. Mwanangu, nitakulinda na mengi, lakini ulilonificha siwezi." Akaivua. "Jumamosi tutarudi, na utalipa kwa akiba yako. Ile ya manjano bila shaka bado ipo. Nani mwingine angeichukua?"